Mtindi wa Vumbeko

Namkunda alimeza kidonge kwa funda moja la maji, akajilaza kitandani na kuuvuta mkanda wa kupokelea picha ukamkaa vizuri tumboni. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye maneno mengi, na vidonge vya kuchungulia utumbo alishavizoea kama peremende.

“Leo nataka kujiona mwenyewe,” alisema. “Washa ukuta, dokta.”

Dokta Navoneiwa Mrutu, ambaye kijiji kizima cha Vumbeko kilimwita Dokta Navo, aliuwasha ukuta. Chumba kidogo cha kituo kikajaa picha ya utumbo mwembamba, wenye vinyweleo laini vilivyopepea polepole kama nyasi chini ya maji. Kidonge kilikuwa kikisafiri humo, kikimulika mbele yake. Navo aliigeuza taa yake ikawa ya zambarau. Chini ya taa ile, seli yoyote inayotengeneza insulini hung’aa kijani.

Kongosho la Namkunda lilikuwa limeacha kazi tangu akiwa darasa la pili. Kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyoziua seli zake, na tangu hapo maisha yake yakawa ya sindano kabla ya kila mlo. Mtu angetegemea utumbo wake uwe giza tupu. Lakini ukuta uliwaka kijani toka pembe moja hadi nyingine, kama shamba la mahindi lililochipua baada ya mvua.

“Vile vya kijani ndiyo vyenyewe?” Namkunda aliuliza.

“Ndiyo vyenyewe.”

“Vyote vyangu?”

“Vyote vyako.”

Binti alicheka, akajifunika uso kwa mikono, akacheka tena. Navo naye akatabasamu, lakini macho yake hayakutoka ukutani. Asubuhi ile ile, kwa mara ya kwanza tangu utafiti uanze, kamati ilikuwa imemfunulia nani alikuwa akinywa nini. Namkunda alikuwa kwenye kundi la mtindi mtupu. Dawa haikuwa imemgusa hata siku moja.

Dawa yenyewe waliiita Mkufunzi. Alikuwa bakteria. Navo na wenzake walimuunda kutokana na wale wa kawaida wanaogandisha maziwa, wakampa kazi moja tu: akae kwenye ukuta wa utumbo na kutoa ujumbe wa kikemikali unaozifundisha baadhi ya seli za pale ufundi wa kongosho, zionje sukari inayopita na kumwaga insulini ya kuitosha. Kinga ya mgonjwa ingeziua seli hizo kama ilivyoziua za mwanzo. Lakini utumbo hujivua na kuvaa ngozi mpya kila baada ya siku chache, kwa hiyo kila seli iliyouawa ilikuwa na mrithi nyuma yake, tayari kufundishwa. Kongosho halina uwezo huo.

Nusu ya washiriki walipewa mtindi wenye Mkufunzi, nusu wakapewa mtindi wa kawaida, na hakuna aliyejua yuko wapi. Namkunda alipoanza kupunguziwa sindano na kile kitufe cha kupima sukari alichobandikwa mkononi, kila mtu kituoni alisema, huyu binti ana bahati, ameangukia kundi zuri. Hata Navo alisema hivyo.

“Namkunda,” alisema sasa, akijitahidi sauti yake iwe ya kawaida, “ukiacha mtindi wetu, nyumbani unakunywa maziwa gani?”

“Ya bibi. Ya kwenu ni maji matupu, dokta, samahani. Ya bibi mwaka huu yamekuwa matamu ajabu. Kila mtu anasema.”

*

Njia ya kwenda kwa bibi yake Namkunda ilipita chini ya nyavu za ukungu. Zilitandazwa juu ya mlima tangu miaka ambayo mito ya Upare ilikauka, na kila asubuhi zilikamua maji kutoka hewani na kuyashusha hadi kwenye tangi kubwa la kijiji, ambalo ufunguo wake ulikaa kituoni. Navo alipenda kutembea pale. Siku ile hakusikia hata matone yakimdondokea kichwani.

Alimkuta Bi Nietiwe uani, anafukiza vibuyu kwa kijinga cha mti ili maziwa yapate ile harufu ya moshi. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono ya nguvu, na ndiye aliyemlea Namkunda tangu mama yake alipohamia mjini kikazi.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umekuja kwa miguu na jua hili? Mtoto ana nini?”

“Mtoto ni mzima. Mzima kabisa. Nimekuja kuonja mtindi.”

Bi Nietiwe alifurahi. Alimmiminia kikombe kilichojaa hadi mdomoni, na Navo akanywa, kwa sababu kukataa kungekuwa ni matusi. Mtindi ulikuwa mzito, mchachu kwa kiasi chake, mzuri kuliko wowote aliowahi kunywa. Kisha akatoa mfukoni kijikaratasi cha kumtambua Mkufunzi, akakidondoshea tone moja lililobaki kikombeni. Kijikaratasi kikageuka kijani.

“Bibi, chachu ya kugandishia uliipata wapi?”

“Kwa Mama Sefue hapo. Yangu ilikuwa imeharibika kipindi cha mvua.” Alipaza sauti juu ya ua. “Mama Sefue! Hebu njoo, dokta ana neno na maziwa yako.”

Mama Sefue alikuja akijifuta mikono kwa khanga. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sukari ya ukubwani, mmoja wa washiriki wa utafiti, na kundi lake lilikuwa la Mkufunzi. Aliposikia swali alikaa juu ya kinu kilicholazwa na kujibu bila wasiwasi.

“Si kile kikombe chenu, dokta. Nilikunywa mkaniona, nikamaliza. Lakini chini kulikuwa na kile kizito kilichoganda, nikaona ni dhambi kukiosha. Nikakikomba, nikakitia kwenye kibuyu changu. Nimekosea?”

“Halafu ukampa Bi Nietiwe.”

“Nikampa. Na dada yangu kule juu. Na mama mchungaji, walipokuwa na ugeni. Na wale wa msikitini kwenye maulidi, waliulizia wenyewe. Dokta, mtindi ukiwa mzuri unauficha wapi?”

Bi Nietiwe alicheka. “Labda umwulize nani hana.”

Navo alikaa naye kwenye kinu kile kile, ubavu kwa ubavu na Mama Sefue. Kitu cha kwanza kilichompata kilikuwa furaha, furaha ya kitoto isiyoulizwa chochote. Kaka yake Semboja alikufa akiwa mdogo kuliko Namkunda. Barabara ya mlimani iliporomoka kwa mvua, insulini ikakwama upande wa pili, na Navo, aliyekuwa bado hajaanza shule, alikumbuka wanawake wakipokezana kumpepea. Alisomea kazi hii kwa ajili ya siku ile. Na sasa insulini ilikuwa imepanda mlima yenyewe, ndani ya vibuyu, bila barabara wala friji.

Hofu ilikuja baadaye, alipokuwa akirudi.

*

Profesa Yonazi Kirama alitokea ukutani akiwa ofisini kwake mjini, tai imelegea. Ndiye aliyekuwa mkuu wa taasisi na mwalimu wa Navo tangu chuoni, mtu mwangalifu aliyekuwa akipima neno kabla ya kulitoa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Wangapi?”

“Nadhani kijiji kizima, Profesa.”

“Pamoja na wasio na ugonjwa.”

“Pamoja nao.”

Alivua miwani. “Navo, kiumbe tulichokiunda kimeingia kwenye matumbo ya watu ambao hawakukubali. Sijali kama kinawatibu. Kesho kutatokea kingine kisichotibu, na watu watasema, si mliacha cha kwanza? Una Kifutio hapo?”

Kifutio kilikuwa kirusi kinachomla Mkufunzi peke yake na kuacha vingine vyote. Walikitengeneza mapema, kwa siku kama hii. Hakina ladha wala harufu.

“Ninacho.”

“Basi kiweke kwenye tangi. Wiki mbili mambo yamekwisha. Hakuna aliyedhurika, hakuna aliyejua.”

“Bila kuwaambia?”

“Ukiwaambia, nusu watakataa. Halafu?”

“Namkunda atarudi kwenye sindano, Profesa. Hataelewa kwa nini.”

“Ataanza upya kwa utaratibu, kama wenzake.” Profesa alishusha sauti. “Najua ninachokuomba. Fikiria, lakini usifikirie sana. Jumamosi napanda huko.”

Ukuta ulipozimika, Navo alibaki amesimama. Alimkasirikia mzee wake, kisha akajikuta hana haki ya kukasirika. Njia nzima toka kwa Bi Nietiwe alikuwa akipanga namna ya kunyamaza. Angeandika kwamba kundi la pili limechafuka, afunge utafiti, aondoke, awaachie watu wa Vumbeko mtindi wao. Profesa alitaka kuwafuta kimya kimya, naye alitaka kuwaacha kimya kimya. Wote wawili walikuwa wameshawaamulia.

Alhamisi, jua likiwa utosini, watu wanne walimleta Ustadhi Idd Mkwizu kwenye machela. Alikuwa mzee mwembamba aliyefundisha madrasa na kulima kahawa, mtu ambaye kituo kilikuwa hakijawahi kumwona hata kwa mafua. Aliangukia shambani. Jasho lilikuwa limemlowesha, mdomo ukitetemeka, macho hayamtambui mtu.

“Alikuwa amefunga,” mmoja wa waliombeba alisema. “Sunna yake ya Alhamisi.”

Navo hakuhitaji kipimo, ingawa alipima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Alimpaka sukari ya majimaji ndani ya mashavu, akamtundikia dripu, akakaa naye akiwa amemshika mkono. Jambo lenyewe alilijua. Seli zilizofundishwa huvujisha insulini kidogo hata pasipo sukari. Kwa mgonjwa wa kisukari kiasi hicho si kitu, mwili wake unakihitaji. Kwa mzee mwembamba mwenye kongosho zima, aliyekaa bila kula tangu alfajiri, kilitosha kumwangusha. Ndiyo maana wazima hawakuingizwa kwenye utafiti.

Baada ya muda mzee alifumbua macho, akaangalia dripu.

“Nimefanywa nini?”

“Uliishiwa sukari mwilini, ustadhi. Sasa umerudi.”

“Mimi sina kisukari.”

“Najua, babu. Huna.”

Mzee alimsubiri aendelee. Navo angeweza kusema ni jua, au uzee, na mzee angeamini. Waliombeba walikuwa mlangoni. Alivuta stuli akakaa karibu, akamweleza kila kitu tangu kikombe cha Mama Sefue hadi mtindi wa maulidi. Ustadhi alisikiliza macho yakiwa darini.

“Kwa hiyo swaumu yangu imevunjwa na kitu nilichowekewa tumboni bila kuulizwa.”

“Ndiyo. Na kitu hicho nilikitengeneza mimi.”

“Kinaponya watu?”

“Kinaponya.”

Mzee aliufuata mrija wa dripu kwa macho. Nje mtu alikuwa akicheka na muuguzi.

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe ndiye wa kwanza, huku kijijini.”

“Basi nisiwe wa mwisho,” alisema, akafumba macho.

*

Mwenyekiti aliitisha mkutano Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule. Watu walikuja kwa wingi, maana habari za ustadhi kuanguka zilikuwa zimeenea na kila mtu alikuwa na maelezo yake. Navo alisimama mbele yao bila kipaza sauti. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri, lakini alipowaona Bi Nietiwe na Namkunda wamekaa mstari wa mbele aliyasahau, akasema tu ilivyokuwa. Kwamba kuna kiumbe kwenye mtindi. Kinafanya nini, kilifikaje, kinamfaa nani na kinaweza kumdhuru nani. Kwamba kipo kirusi cha kukiondoa, na hata hicho hatakitoa kwa mtu asiyekitaka.

Watu waligeukiana. Kisha mzee mmoja akajipigapiga tumboni.

“Kwa hiyo yumo humu sasa hivi? Na nikila, tunakula wote wawili?”

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele, na Navo akaona mabega ya watu yakilegea. Hawakucheka wote. Baba mmoja kijana aliyempakata mtoto mchanga alisimama akiwa amekunja uso.

“Huyu wangu ananyonya tu. Mama yake anakunywa mtindi. Naye anaye?”

“Maziwa ya mama hayampitishi,” Navo alisema. “Nje ya tumbo anaishi kwenye mtindi peke yake. Haambukizwi kwa pumzi, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala pamoja. Ni kibuyu tu.”

“Mimi kwangu hafutwi,” Mama Sefue alisema, akisimama bila kuruhusiwa. “Nisikilizeni. Miguu hii ilikuwa haihisi hata jiwe. Juzi nimekanyaga mwiba nikapiga kelele, watu wakaja kunipa pole. Nilikuwa nafurahi. Mkitaka kufuta, futieni kwenu.”

“Mimi nataka anitoke leo hii,” alisema mwanamke mwingine. “Si kwa ubaya. Sipendi tu kukaa na kitu nisichokijua.”

“Sawa, akutoke leo,” yule baba kijana alisema. “Kesho unakunywa kwa Bi Nietiwe, si anarudi?”

Watu walimgeukia Navo.

“Anarudi,” alikubali.

Hapo ndipo mkutano ulipokuwa mgumu. Wengine walisema kijiji kizima kifutwe, halafu wagonjwa wapewe dawa kituoni chini ya ulinzi. Wengine wakasema kijiji kizima kimwache, na wanaofunga wapewe ushauri. Sauti zilipanda. Bi Nietiwe, ambaye hakuwa amesema lolote, aliinuka taratibu na kwenda mpaka alipokaa Ustadhi Mkwizu, akapiga magoti mbele yake.

“Ustadhi, nimekuangusha kwa kibuyu changu, kwa mtindi ninaokuletea kila wiki. Sikujua.”

“Inuka mama,” mzee alisema, akimwinua mwenyewe. “Ulinipa maziwa. Anayeniudhi ni yule aliyejua akanyamaza, na mpaka sasa sijamwona.”

Wakati huo Profesa Yonazi alikuwa ameshafika. Behewa la kamba la kupandisha watu mlimani lilimshusha mwanzo wa uwanja, akapita pembeni na kuketi kwenye nyasi katikati ya watu, suti na yote, mkoba mapajani. Navo alimwona akisikiliza. Aliposikia maneno ya ustadhi alisimama.

“Naitwa Yonazi Kirama. Mimi ndiye mkubwa wake dokta. Huu mkoba una Kifutio cha kutosha lile tangi lenu. Nilikuja kukitia.”

“Tangi letu la maji?” mwenyekiti aliuliza.

“Hilo.”

Hakuna aliyecheka. Profesa alibaki amesimama, mzee wa mvi mwenye majani ya nyasi kwenye suruali, na Navo akamhurumia.

“Niliogopa,” Profesa alisema. “Bado naogopa. Lakini nilitaka kutibu kosa la kutokuwauliza kwa kutowauliza tena.”

Ustadhi Mkwizu alimtazama kwa muda. “Umesema mwenyewe. Kaa, tuendelee.”

Waliendelea. Ilichukua asubuhi nzima, na hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kusema baadaye kwamba wazo lilikuwa lake. Mmoja alisema vibuyu vyenye Mkufunzi vifungwe uzi mwekundu shingoni. Mwingine akasema uzi unakatika, na wageni hawaujui. Mama mchungaji akasema basi mtu aulizwe kwa mdomo kila anapokaribishwa, kila mara, hata kama ni ndugu. Bi Nietiwe akasema vyungu vya kugandishia vitengwe nyumba kwa nyumba, na atakayechanganya atafute kijiji kingine cha kumpa ng’ombe majani. Yule baba kijana akataka watoto wasio wagonjwa wasipewe mpaka wakue na kujiamulia, na hilo lilikubaliwa kwa mikono yote. Navo akaongeza ya kwake: kila anayebaki na Mkufunzi aje apimwe, na asifunge bila kuonana na daktari.

Kisha Profesa alisema jambo lililobaki, na ilionekana halipendi. Kwa sheria ya utafiti, waliokuwa kwenye kundi la mtindi mtupu hawakuwa na ruhusa ya Mkufunzi. Ilibidi wafutwe.

Namkunda alinyoosha mkono kama yuko darasani.

“Profesa, ni kweli sikuulizwa. Si uniulize sasa?”

Profesa alimtazama Navo, kisha binti. Akafunga kifungo cha koti lake na kupiga hatua mbele yake, akamweleza kila hatari polepole, moja baada ya nyingine, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine pale uwanjani. Kwamba anaweza kuanguka kama ustadhi akikaa na njaa. Kwamba hakuna anayejua itakuwaje baada ya miaka ishirini. Kwamba anaweza kubadili mawazo siku yoyote, na Kifutio kitakuwepo.

“Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

“Unataka abaki?”

“Nataka abaki.”

“Na wewe bibi, kwa niaba ya mzazi wake?”

“Abaki,” Bi Nietiwe alisema, akimshika mjukuu wake bega.

Namkunda alichomoa mfukoni ile kalamu ya sindano aliyokuwa haachani nayo tangu darasa la pili, akaitazama, akamkabidhi Navo mbele ya watu. Mtu fulani alipiga kigelegele. Kikaitikiwa, kikaitikiwa tena, mpaka ng’ombe waliofungwa ng’ambo ya barabara wakainua vichwa. Navo alilia waziwazi, na hakuona haya.

Jioni, wakishuka kwenda kituoni, Profesa alimwambia kile alichokuwa akikijua tayari.

“Utafiti wako umekufa, Navo. Hakuna kundi la kulinganisha. Na utaitwa na baraza la tiba.”

“Najua.”

“Mimi nitakaa kiti cha pembeni yako. Kuna la tangi nami natakiwa kulieleza.”

Baraza lilikaa, likaongea kwa ukali, na likamvua Navo uongozi wa utafiti kwa mwaka mzima. Lakini halikuamuru watu wa Vumbeko wafutwe. Lilituma watu wake, wakaja na maswali, wakaulizwa kwanza wao kabla ya kupewa mtindi, na wawili kati yao wakakubali. Navo alibaki mlimani kama daktari wa kawaida, wa homa na mifupa na kuzalisha. Muuguzi wake alisema alikuwa hajawahi kumsikia akiimba kazini mpaka mwaka ule.

*

Sefue, mtoto wa kwanza wa Mama Sefue, alioa mavuno yalipokwisha. Uwanja ulifunikwa na maturubai, makande yakapikwa kwenye masufuria ya kuingia mtu mzima, na ngoma ikaanza kabla bwana harusi hajafika. Mama Sefue alicheza peku. Namkunda alikaa na wenzake, bakuli la asali na ndizi mbivu mapajani, akila taratibu, kila tonge kwa macho yaliyofumbwa. Kitufe cha mkononi kilikaa kimya. Navo alimwangalia kutoka mbali mpaka Namkunda akamkonyeza.

Bi Nietiwe alikuwa akipita kati ya wageni na vibuyu viwili, kimoja kila mkono. Kwa kila mtu alisimama, hata kwa wale aliowanyonyesha.

“Humu yumo, humu hayumo. Unataka kipi?”

Wengine walionyesha cha kulia, wengine cha kushoto. Watoto walikuwa wameligeuza swali hilo wimbo wa kurukia kamba. Wageni wa bibi harusi kutoka tambarare walieleweshwa na waliokaa nao, na kulikuwa na mjadala mrefu na wa furaha kwenye kila jamvi.

Alifika kwa Ustadhi Mkwizu, aliyekuwa amekaa na Profesa Yonazi, wawili hao wakibishana kuhusu bei ya kahawa. Ustadhi alikuwa amekunywa Kifutio siku ile ile ya mkutano, wa kwanza kabisa kwenye foleni, na Alhamisi zote tangu hapo alikuwa amefunga salama.

“Ustadhi,” Bi Nietiwe alisema, akainama kidogo. “Humu yumo, humu hayumo. Unataka kipi?”

Mzee alivitazama vibuyu vyote viwili, akamtazama mama aliyevishika, aliyekuwa akisubiri jibu kwa makini kama vile hakulijua.

“Leo nataka chai,” alisema.

Bi Nietiwe aliweka vibuyu chini, akaenda mwenyewe kumletea.